Kosa la Mwanafunzi ni Mali ya Nani?

Rasbura ni kata ya Manispaa ya Lindi, na kama zilivyo kata nyingine za mwambao, kalenda yake ya shule hugombana na kalenda ya bahari. Maji ya bamvua yakipwa hadi mwambani, pweza hupatikana, na dawati moja au mawili hubaki wazi. Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, madawati yaliyo wazi huongezeka. Mtoto aliyekosekana siku tatu hatafutwi mbali. Bibi yake anajua alipo. Jirani anajua. Ustadhi wa madrasa amemwona akipita na ndoo, mchuuzi amemnunulia pweza wake, mjumbe wa shina amesikia, na wenzake darasani wanajua hata bei aliyouzia. Utoro wa namna hiyo hutendwa mchana kweupe, mbele ya watu.

Halafu kosa linaanza safari. Mwalimu wa zamu analiandika, mwalimu wa nidhamu analipokea, mkuu wa shule anatuma barua ya kumwita mzazi. Mzazi asipofika, jina linakwenda kwa mtendaji wa kata, na kutoka hapo linaweza kufika kwa mgambo, kituo cha polisi, hata ofisi ya mkuu wa wilaya. Maana kwa sheria za Tanzania mzazi wa mtoro anaweza kutozwa faini au kufungwa. Katika kila kituo cha safari hiyo kosa linazidi kuwa kubwa, na watu wanaolifahamu wanazidi kuwa wachache. Likifika juu, aliye nalo mkononi hajui pweza, hajui bibi, hajui kwamba ndoo ile huenda ndiyo iliyonunua daftari.

Mijadala ya nidhamu huliruka jambo hili. Watu hubishana juu ya fimbo: ichapwe au isichapwe, ngapi, na nani. Hubishana juu ya polisi: waitwe au wasiitwe. Kabla ya yote hayo kuna swali la msingi zaidi, nalo ni la umiliki. Kosa la mwanafunzi ni mali ya nani?

Kuuita ugomvi mali si mchezo wa maneno. Nils Christie, mwanazuoni wa Norwei aliyebobea katika elimu ya uhalifu, alilijenga wazo hilo katika mhadhara alioutoa Sheffield, Uingereza, mwaka 1976 na kuuchapisha mwaka uliofuata. Inashangaza kwamba Watanzania wengi hawajui kuwa mhadhara ule haukuanzia Oslo wala London. Ulianzia katika kijiji kidogo cha Arusha. Nyumba imejaa watu. Katikati wamekaa mwanamume na mwanamke waliokuwa wachumba. Mwanamke amevunja uchumba, na mwanamume anadai vyote alivyogharamia. Dhahabu na pesa hazikusumbua. Kilichosumbua ni vitu vilivyokwisha kuchakaa na gharama za hapa na pale. Ndugu na marafiki wamewazunguka, kijiji kinasikiliza, watu wanauliza, wanakumbushana, wanataniana. Waamuzi walikuwepo, makatibu watatu wa chama, lakini walikaa kimya. Mabingwa wa shauri lile walikuwa watu wengine wote mle ndani.

Christie alirudi kwao Ulaya, akaona mahakama tupu, mawakili wawili wakizungumza lugha yao, na aliyeibiwa akiwa ameketi nyuma kama mpita njia. Hitimisho lake lilikuwa kali: dola na wataalamu wake huwapora watu ugomvi wao, na pamoja na ugomvi huwapora nafasi ya kujadili jema na baya kwa midomo yao wenyewe. Aliyekosewa hupoteza mara mbili. Kwanza hupoteza alichonyang'anywa, kisha hupoteza shauri lenyewe.

Kwa kipimo hicho shule ni mahali pa ajabu. Ina watu mamia wanaofahamiana, wanaokosana kila siku, na waliokusanywa pale mahsusi ili wajifunze. Isipowafundisha watoto namna ya kulishughulikia kosa, itakuwa imewafundisha jiografia tu.

Sheria ya Tanzania, kwa namna yake, ilijaribu kuliweka kosa ndani ya uzio wa shule. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978 na kutolewa upya mwaka 2002, zinasema viboko visizidi vinne kwa mara moja. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Na iwe ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, wala si kwa kukosea hesabu. Kila adhabu iandikwe kitabuni: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko, na aliyechapa. Mtu anaweza kuichukia fimbo, na zipo sababu nyingi za kuichukia, lakini akiri kwamba aliyeziandika kanuni hizi alikuwa anaiogopa pia. Alitaka kuifunga kwenye karatasi.

Karatasi haikutosha. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 uliona kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamepata kipigo cha ndugu au mtu mwenye mamlaka, walimu wakiwemo, kabla ya kutimiza miaka 18. Oktoba 2016 nchi nzima iliona video ya walimu waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo wakimshambulia mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Mbeya Day kwa mateke na ngumi ndani ya ofisi ya walimu. Agosti 2018, mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alishukiwa kuiba mkoba wa mwalimu, akapigwa, akafa.

Hayo ni mambo ya nguvu iliyovuka mpaka. Kilichotokea Chunya mwaka uliofuata ni cha aina nyingine, na kwa hoja hii kina uzito zaidi. Mabweni ya Shule ya Sekondari Kiwanja yaliungua mwanzoni mwa Oktoba 2019, baada ya wanafunzi kukutwa na simu kinyume cha taratibu za shule. Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wakati huo, Albert Chalamila, alifika shuleni na kuwachapa kwa mkono wake wanafunzi 14, viboko vitatu kila mmoja, kamera zikirekodi. Waliokosoa walisema mkuu wa mkoa si mkuu wa shule. Rais John Magufuli alimpongeza hadharani.

Idadi ya viboko haikuzidi kiwango cha kanuni. Ungeweza hata kusema mkuu wa mkoa alibakiza kimoja. Lakini tazama kosa lilivyopanda: kutoka kwa kiranja wa bweni hadi kwa mwalimu, hadi kwa mkuu wa shule, hadi kwa mkuu wa mkoa, likatajwa na mkuu wa nchi, na katika kupanda kwake hakuna aliyesikika akimuuliza mwanafunzi ambaye godoro na madaftari yake yaliungua: wewe unadai nini kwa wenzako hawa? Yule ndiye aliyekosewa. Katika habari yote alikuwa mtazamaji.

Utazamaji huo una historia ndefu katika pwani hii ya kusini. Kilwa Kivinje ina kumbukumbu ya Mwembe Kinyonga, mti ambapo Wajerumani walimnyonga mpinzani wao Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Miaka ile kiboko kilikuwa sahihi ya serikali. Adhabu ya viboko ishirini na vitano ilizoeleka kiasi cha kupata jina lake, hamsa wa ishirini, na wazee wa mwambao wakairithisha pamoja na habari za kodi na vita vya Majimaji. Adhabu hizo zilitolewa mbele ya watu. Nyumba ya Arusha aliyoieleza Christie nayo ilijaa watu. Tofauti ya mikusanyiko hii miwili ndiyo kiini cha shauri zima: katika mmoja watu waliitwa waseme, katika mwingine waliitwa waone. Mstarini asubuhi, mwanafunzi anapochapwa mbele ya shule nzima, watoto mia sita wamepanga mistari kimya. Mwalimu ajiulize ni mkusanyiko upi kati ya hiyo miwili ambao shule yake imeurithi.

Polisi wanaingia hapa, na inafaa kuwatendea haki. Jeshi la Polisi halikuomba kuwa mwalimu wa nidhamu. Huitwa. Mwalimu aliyezidiwa, mwenye darasa la wanafunzi themanini, hana mshauri nasaha wa kumkimbilia, hana muda, na bodi ya shule hukutana kwa nadra. Simu ya OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, iko karibu. Tatizo ni kwamba askari aliyefundishwa kutawanya watu atawatawanya. Hiyo ndiyo kazi anayoijua, na mabomu ya machozi hayana daraja la chini kwa ajili ya kidato cha pili. Mwanafalsafa Hannah Arendt alishikilia kwamba pale nguvu inapotumika, mamlaka yamekwisha kushindwa. Wanafunzi hawajamsoma Arendt, lakini wanalijua hilo vizuri. Siku gari la FFU, kikosi cha kutuliza ghasia, linapoingia kwenye lango la shule, wanapata jibu la swali walilokuwa wakilipima kwa miezi: mwisho wa uwezo wa walimu uko wapi.

Na sheria inaruhusu mengi. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, mtoto wa chini ya miaka 10 hawezi kuwajibika kwa jinai, na wa chini ya 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alielewa alichotenda ni kibaya. Kwa hiyo mtoto wa darasa la saba anaweza kabisa kufunguliwa jalada kwa kioo cha dirisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliweka Mahakama ya Watoto na ikakataza mtoto kuchanganywa na watu wazima mahabusu, na hiyo ni hatua njema. Ila mtoto aliyefikishwa huko, hata akitendewa vizuri kiasi gani, ameondolewa mikononi mwa waliomfahamu.

Jirani zetu wa Kenya wamelipia somo hili kwa bei kubwa kuliko wote. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi Langata Road, Nairobi, walirudi kutoka likizo na kukuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta na mnyakuzi wa ardhi. Waliusukuma ukuta pamoja na wanaharakati, na polisi wakawarushia mabomu ya machozi. Watoto, wengine wakiwa na sare zao, walikimbizwa hospitali. Serikali iliomba radhi, na afisa aliyeongoza operesheni akasimamishwa. Kuna kichekesho kichungu hapo: walioporwa ndio waliotendewa kama wavunja amani, na mali iliyogombewa haikuwa neno la kifalsafa, ilikuwa uwanja.

Halafu kuna moto uliowaua wanafunzi mabwenini. Bombolulu, Machi 1998, wasichana 26. Kyanguli, Machi 2001, wavulana 67. Mwaka huohuo wa 2001 Kenya ilifuta adhabu ya viboko shuleni, na tangu hapo kila wimbi la mabweni kuungua huleta sauti zinazosema fimbo irudi. Hoja hiyo haihimili tarehe. St. Kizito, ambapo wasichana 19 walikufa katika vurugu za Julai 1991, Bombolulu, na Nyeri High ambapo viranja wanne walichomwa mwaka 1999, vyote vilitokea fimbo ikiwa halali. Mwanaanthropolojia Elizabeth Cooper, aliyechunguza moto wa shule za Kenya na kuchapisha matokeo yake mwaka 2014, aliwakuta wanafunzi wakiuona moto kama njia inayofanya kazi. Barua kwa mkuu wa shule haikujibiwa, mgomo wa chakula ulipuuzwa, bweni likiungua waziri anakuja. Kwa maneno mengine, watoto walijifunza kwamba juu hakufikiki ila kwa kosa kubwa la kutosha kupandishwa. Mfumo unaopokonya makosa madogo hufundisha kutenda makubwa.

Marekani ilikwenda hatua ya mbali zaidi: polisi waliwekwa shuleni moja kwa moja, hasa baada ya mauaji ya Columbine mwaka 1999. Oktoba 2015, katika shule ya Spring Valley, South Carolina, askari alimpindua msichana pamoja na dawati lake na kumburuta darasani, kwa kuwa alikataa kutoka nje baada ya kushikwa na simu. Askari alifukuzwa kazi. Simu ya Spring Valley na simu za Chunya ni kosa lilelile, na mbio za kulipandisha ni zilezile.

Sasa, hoja ya umiliki ina adui wa kweli, na si fimbo wala bunduki. Ni msemo wa upole unaosikika Lindi, Mtwara na kote pwani: tuyamalize kifamilia. Mwanafunzi amepewa mimba na mtu mzima. Wazee wanakaa, pesa zinapita mkono kwa mkono, shauri linafungwa, na binti anabaki na mtoto bila shule. Hapo jamii ilikuwa mmiliki, na ilimiliki vibaya. Anayesema kosa libaki kwa wanaolijua lazima alijibu hili bila kukwepa. Nyumba iliyojaa watu inaweza kuwa nyumba ya haki, na inaweza kuwa nyumba ya kuficha.

Jibu liko katika kuangalia nani amemkosea nani. Mtu mzima akimdhulumu mtoto, uzani umelemea upande mmoja tangu mwanzo, na baraza la wazee haliwezi kuusawazisha. Pale dola lazima iingie kwa uzito wake wote. Ndiyo maana marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na ndiyo maana vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kisu kilichochomwa, dawa za kulevya zinazouzwa langoni, ubakaji: polisi waitwe, na waitwe mapema. Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi mambo huenda kinyume. Kosa la mtu mzima dhidi ya mwanafunzi hubaki nyumbani, na kosa la mwanafunzi dhidi ya dirisha hupelekwa kituoni.

Haifai pia kuupamba wakati uliopita. Jando la Wamwera na Wamakonde lilikuwa na fimbo zake, na kungwi wa unyago hakuwa mtu wa kubembeleza. Lakini jando na unyago vilikuwa na jambo moja ambalo shule imelipoteza: binti aliyefanya vituko mtaani alimrudishia swali somo wake, yaani mlezi wake wa unyago, na somo aliulizwa alimfunda nini. Kosa halikuwa la mtoto peke yake. Mlezi naye alikuwa na hisa.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alionyesha pande zote mbili, ya nguvu na ya kukubali hisa, kwa siku moja. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu kuipinga Huduma ya Taifa kwa masharti yaliyowekwa, na katika madai yao waligusa mishahara minono ya wakubwa. Rais aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza wanafunzi 393, na polisi wakawasindikiza. Hiyo ilikuwa nguvu, na kubwa kupita kiasi. Lakini siku hiyohiyo alitangaza kuupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na wa mawaziri pia. Katikati ya ghadhabu alikubali kwamba sehemu ya shauri lile ilikuwa yake. Wengi wa wanafunzi walirudishwa mwaka uliofuata. Ni wakuu wa shule wangapi leo, wakikabiliwa na mgomo juu ya maharage yenye wadudu, wangeanza kwa kusema sehemu yao?

Turudi kwenye kioo cha dirisha, maana ndicho kitu cha kawaida. Wavulana wawili wa kidato cha pili wamegombana, kioo kimevunjika, wa tatu amekatwa mkono. Shule iliyochagua njia ya umiliki inawaketisha wavulana wote watatu na wazazi wao, pamoja na mwalimu wa malezi, kiranja na mjumbe mmoja wa bodi. Aliyekatwa mkono ndiye wa kwanza kusema. Anataka nini? Huenda anataka nauli ya zahanati, huenda anataka tu aombwe radhi mbele ya waliomcheka. Wawili wale wanasema walichogombania, na mara nyingi hapo ndipo linapotoka jambo ambalo fimbo isingelitoa: deni, jina la utani, baba aliyehama. Kisha wanapatana kuhusu kioo, nani alipe, kwa mkulima gani wakabangue korosho Jumamosi wapate hela. New Zealand iliufanya utaratibu wa namna hii kuwa sheria ya nchi kwa watoto waliokosa, mwaka 1989, kwa kujifunza kutoka kwa Wamaori. Tanzania isingehitaji kwenda mbali hivyo. Mabaraza ya kata yamekuwepo kisheria tangu 1985 kwa ajili ya kupatanisha watu wazima.

Kikao hicho kinachukua saa mbili, na fimbo nne zinachukua dakika moja. Hapa ndipo wenye shaka wanapokuwa na haki, na hakuna haja ya kuwadanganya. Mwalimu mmoja kwa wanafunzi themanini hawezi kuendesha vikao vitano kwa wiki. Anayetaka fimbo na polisi wapungue shuleni anadai, kwa lazima, walimu zaidi, mshauri nasaha anayelipwa kwa kazi hiyo, na kamati za shule zinazokutana hata pasipokuwa na michango ya kukusanya. Zinazodaiwa hapo ni fedha za bajeti, na Bunge lisijifiche nyuma ya maneno ya malezi bora.

Lakini kuna jambo moja lisilogharimu kitu. Kitabu cha adhabu kinachotakiwa na kanuni za 2002 kina nafasi ya jina la mkosaji, kosa, viboko na mchapaji. Hakina nafasi ya jina la aliyekosewa, wala ya alichotaka atendewe. Waziri mwenye dhamana ya elimu anaweza kuiongeza kwa tangazo la serikali. Wakuu wa shule za Rasbura, Kilwa Masoko na kwingineko hawana haja ya kumsubiri: wachukue rula, wachore safu mbili zaidi, na wamuulize kwanza yule aliyekosewa kabla ya kushika fimbo au simu.